Kufufua Pikapu Kuukuu: Banda Kwanza, Rangi Mwisho

SAFU YA BWANA SHAMBA

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya gari. Usishangae. Mkulima wa Kigoma anajua kwamba mawese yaliyobaki nyumbani hayanunui daftari la mtoto. Kahawa ya Kalinzi, mihogo ya Ilagala na dagaa wa ufukweni, vyote vinangoja usafiri. Mwenye gari hupanga bei ya kubeba. Asiye na gari hulipa.

Katika vijiji vyetu, na hata katika mitaa ya Ujiji, utayakuta magari ya zamani yamelala chini ya miembe. Mengi ni Land Rover 109 za wazi nyuma, yaani pikapu. Kuku hutaga ndani yake. Watoto huchezea usukani. Siku hizi wanunuzi wa chuma chakavu hupita na mizani. Wao hawaulizi gari lilifanya kazi gani. Wanauliza kilo ngapi.

Wasomaji wawili wameniuliza swali moja: "Je, gari la marehemu babu tulifufue, au tuliuze kwa kilo?"

Jibu langu ni hili. Magari mengi ya namna hiyo yanaweza kufufuka, ikiwa utafuata mpango. Mpango wenyewe ni huu: kagua, jenga banda, tengeneza chesisi, tengeneza breki, amsha injini, kisha paka rangi. Watu wengi hufanya kinyume. Huanza na rangi kwa sababu rangi inaonekana. Gari linang'aa, majirani wanapongeza, na hatari imebaki chini yake palepale.

LIJUE GARI LAKO

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo watengenezaji walitumia aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Chesisi, yaani mifupa ya gari, ilibaki ya chuma.

Hili ni jambo kubwa, ndugu msomaji. Lisome mara mbili. Aluminiamu haioti kutu kama chuma. Chuma huoza. Ndiyo maana gari limekaa chini ya mwembe miaka 20, milango yake inaonekana mizima, lakini chesisi imekuwa kama biskuti. Sehemu unayoiona si mgonjwa. Mgonjwa yuko chini, mahali usipopaona. Ukianza na rangi, unamtibu asiyeumwa.

Tena, chesisi ya gari hili ni kama boksi refu. Ndani kuna uwazi. Maji na tope huingia humo na kukaa. Kwa hiyo kutu huanza ndani na kutoka nje. Siku unapoona tundu kwa nje, ndani kumeoza siku nyingi.

Watu husema hapa kwetu hakuna kutu kwa kuwa maji ya ziwa Tanganyika hayana chumvi. Ni kweli kwamba ziwa si bahari. Lakini magari yetu hubeba chumvi ya Uvinza na migebuka iliyotiwa chumvi. Maji ya chumvi hudondoka katika chesisi. Mahali boliti ya chuma inaposhika aluminiamu, chumvi hiyo huila hata aluminiamu. Kama gari lako lilifanya kazi hiyo, kagua kwa makini zaidi.

SOMO LA MELI YA LIEMBA

Labda unasema: "Kitu kilichokufa miaka mingi hakiwezi kufufuka." Basi tazama meli ya Liemba.

Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa. Ikaingia ziwani mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili maadui wasiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito.

Meli ililala chini ya maji miaka mingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 ilitolewa mitambo ya mvuke, ikawekewa injini za dizeli.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, chuma kilichopakwa grisi hakiogopi maji upesi. Pili, kazi kubwa hufanyika kwa mpango. Maelfu ya masanduku bila alama yasingekuwa meli. Yangekuwa lundo la vyuma ufukweni.

NYUMBA MBILI

Katika kijiji kimoja kusini ya Ujiji nimeona nyumba mbili zenye gari la namna moja.

Nyumba ya kwanza ni ya ndugu watatu. Waliuza mawese ya msimu mzima. Wakanunua rangi ya buluu, viti vipya na redio. Injini iliwaka. Breki zilishika kidogo tu, nao waliona zinatosha. Siku ya kwanza ya kazi walipakia mapipa 4 ya mawese. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa karibu kilo 200 pamoja na pipa lenyewe. Kwa hiyo walibeba karibu kilo 800. Juu ya mapipa wakakaa vijana wawili.

Kwenye mteremko mfupi, kanyagio la breki lilizama mpaka sakafuni. Dereva aliliingiza gari katika matuta ya mihogo, likasimama kwa kishindo. Chesisi ikakatika nyuma, mahali springi inaposhikwa. Mapipa mawili yakapasuka. Kijana mmoja akavunjika mguu. Msimu ule hawakupata mawese, hawakupata gari, na kijana hakulima.

Nyumba ya pili ni ya mzee mmoja na mwanawe. Wao walianza kwa kujenga banda. Walifanya kazi miezi 14, kidogo kidogo, kila baada ya kuuza mawese. Siku moja kijana alimwambia mzee:

"Baba, watu wanatucheka. Gari la wenzetu limepakwa rangi zamani. Letu bado liko vilevile."

Mzee akajibu: "Waache wacheke, mwanangu. Wewe umekwisha badilisha raba za breki?"

"Bado gurudumu moja, baba."

"Basi maliza hilo."

Gari lile linabeba mzigo mpaka leo. Rangi yake ilipakwa kwa brashi, nayo si nzuri sana. Lakini linasimama dereva anapotaka lisimame.

KWANZA: KAGUA KABLA YA KUTOA SHILINGI

Tafuta kadi ya gari. Linganisha namba ya chesisi iliyoandikwa katika kadi na ile iliyo kwenye gari. Kama gari ni la marehemu, familia ikae na ikubaliane kwanza gari ni la nani. Magari mengi yametengenezwa na mmoja, kisha yakagombewa na watano.

Halafu chukua nyundo ndogo. Gonga chesisi polepole kutoka mbele mpaka nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito kama ya gogo bovu. Weka alama ya chaki kila mahali palipooza. Tazama hasa boriti ya mwisho nyuma, na mahali springi zinaposhikwa.

Kama pande zote mbili zimeoza vibaya, tena injini imepasuka na kadi haipo, basi usijidanganye. Uza vipuri kimoja kimoja. Utapata zaidi kuliko kuuza gari zima kwa kilo.

Kama chesisi inatengenezeka, chukua daftari. Andika orodha tatu: Lazima, Baadaye, na Acha. Breki, chesisi, usukani, matairi na taa ni Lazima. Rangi na viti ni Baadaye. Redio ni Acha. Usinunue kitu cha orodha ya pili kabla ya kumaliza orodha ya kwanza.

PILI: JENGA BANDA

Land Rover 109 ina urefu wa karibu mita 4 na nusu. Upana wake ni karibu mita 1 na sentimita 70. Mtu anahitaji nafasi ya kuzunguka na kufungua milango. Basi banda liwe na urefu wa mita 7 na upana wa mita 4 na nusu, au zaidi.

Fuata mambo haya:

1. Banda liwe mbali na jiko, si chini ya hatua 20. Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo husafiri chini chini na kuukuta moto.

2. Ezeka kwa bati, si kwa nyasi. Cheche moja ya kuchomelea hutosha kuchoma nyasi na gari pamoja.

3. Acha pande mbili wazi. Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu. Usiwashe injini katika chumba kilichofungwa hata kwa dakika chache.

4. Inua sakafu kwa udongo mgumu ulioshindiliwa, na chimba mfereji kuzunguka banda. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Kama saruji ni kidogo, imwage mahali jeki itakaposimama. Jeki ikikaa juu ya udongo laini huzama au huinama, na gari huanguka.

5. Usichimbe shimo la kuingia chini ya gari. Karibu na ziwa shimo hujaa maji. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka shimoni na kukaa humo.

6. Weka ndoo 2 za mchanga mkavu mlangoni. Moto wa petroli usiuzime kwa maji. Petroli huelea juu ya maji na moto husambaa.

7. Tengeneza meza imara yenye jiliwa. Ukutani weka ubao wa vifaa. Chora umbo la kila spana kwa rangi. Jioni utaona mara moja spana gani haikurudi.

8. Tafuta makopo na mifuko midogo. Kila ukifungua kitu, tia nati zake katika kopo lake na andika jina. Kumbuka masanduku ya Liemba.

Oili chafu usiimwage chini wala mtoni. Maji ya ziwa Tanganyika yanatumiwa na watu wa nchi 4: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mto mkubwa unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Uchafu ukiingia hukaa. Tia oili hiyo katika dumu lenye kifuniko, na uipeleke kwa mwenye gereji anayekusanya.

TATU: KULIINUA GARI

Hapa ndipo watu hufa. Soma polepole.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Ukishainua, weka stendi za chuma chini ya chesisi au ekseli. Kama huna stendi, panga magogo mafupi ya mti mgumu kwa kupishana, mawili hivi na mawili hivi. Usitumie matofali. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa taarifa.

Jambo jingine ni hili. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe. Inashika propela inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gurudumu hilo linaweza kuzunguka hewani, na gari likaserereka ingawa breki ya mkono umeivuta. Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Fanya hivyo kila mara.

NNE: CHESISI NA BREKI

Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Chuma kilichooza kikatwe chote. Fundi wa kuchomelea atie bati nene la milimita 2 au 3. Asiweke kiraka juu ya kutu. Hiyo ni kufunga kidonda chenye usaha.

Kabla ya kuchomelea, toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali. Toa pia waya za betri, ukianza na ule unaoshika mwili wa gari. Tangi lisilo na petroli lina mvuke, nalo hulipuka kuliko lililojaa. Usikubali fundi achomelee tangi lako kienyeji. Kazi ikiisha, paka rangi ya kuzuia kutu nje, na mimina oili nzito ndani ya chesisi.

Sasa breki. Katika magari mengi ya zamani ya aina hii, magurudumu yote 4 hutumia mfumo mmoja wa mafuta. Bomba likipasuka mahali pamoja, breki zote hupotea. Kwa hiyo badilisha raba zote, za pampu kuu na za kila gurudumu. Badilisha pia mipira ya kupitisha mafuta. Mabomba ya chuma yenye kutu yatupwe.

Tumia mafuta ya breki peke yake. Usitie oili ya injini, na usitie mawese. Huvimbisha raba, na breki hukwama au hukataa. Chupa ya mafuta ya breki iliyokaa wazi siku nyingi usiitumie, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani.

Vumbi lililo ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Mwisho, toa upepo. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine afungue nati ndogo ya gurudumu. Anzeni na gurudumu lililo mbali kabisa na pampu kuu. Jaribuni gari mahali tambarare pasipo na watu. Kwanza bila mzigo, kisha kwa mzigo kidogo.

TANO: KUIAMSHA INJINI

Usikimbilie betri. Injini iliyolala ikizungushwa kwa nguvu hujikwaruza yenyewe. Fanya hivi:

Toa plagi. Mimina oili safi vijiko 2 katika kila tundu. Ngoja siku 2. Kisha izungushe polepole kwa hendeli. Ukishika hendeli, weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma kwa ghafla, huvunja dole gumba lililozunguka hendeli.

Mwaga oili ya zamani. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia. Mwite fundi. Mwaga pia petroli ya zamani, na safisha tangi na kabureta. Chungulia mabomba, maana nyigu hupenda kujenga humo. Tazama nyaya zote. Panya hula mpira wa waya, na waya ulio uchi huwasha moto.

Kama mambo haya ni mageni kwako, pata fundi aliyesoma. Kigoma kuna chuo cha VETA. Kijana wa kijiji akijifunza ufundi huko, atatengeneza magari ya kijiji kizima.

SITA: RANGI NA BARABARA

Sasa paka rangi, ukipenda. Brashi inatosha. Halafu lipeleke gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na ulikatie bima. Baada ya kila safari ya chumvi au samaki, lioshe chini kwa maji safi.

Ukishuka kutoka Kalinzi kuja Kigoma, tumia gia ileile ambayo ungetumia kupandia mlima huo. Usining'inie kwenye breki njia nzima. Zikipata moto sana huacha kushika. Na juu ya mapipa asikae mtu.

Ndugu msomaji, gari la babu lilitumika vizuri kwa sababu babu alilitunza. Likirudi barabarani, litapita mbele ya shule, mbele ya zahanati na katikati ya soko la Mwandiga. Watoto wanaovuka pale hawajui gari lako lina rangi gani chini ya tope. Wanategemea breki zako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini chesisi ya Land Rover huoza kabla ya milango?

2. Kwa nini breki ya mkono haitoshi unapoinua gurudumu la nyuma?

3. Moto wa petroli huzimwa kwa nini? Kwa nini si kwa maji?

4. Pipa 1 la mawese lina kilo 200. Gari lako limeruhusiwa kubeba kilo 700. Utapakia mapipa mangapi?

5. Katika kijiji chenu kuna magari mangapi yaliyolala? Tembeeni na nyundo, mkayakague pamoja na wenyewe.

Mwezi ujao tutarudi shambani: kutayarisha kitalu cha michikichi.